Baruti Anarudi Ulingoni

"Mmesikia? Baruti anarudi ulingoni! Jumamosi hii, hapa hapa Kahama!"

Abdulshakur alianza kutangaza kabla hajafika kwenye benchi langu la kahawa. Anauza viatu vya mitumba hapa Nyasubi, na wenzake wanamwita Redio kwa sababu hajawahi kuonekana amezimwa.

"Baruti yupi?" aliuliza Mihayo. "Huyu Cornel wa Kharumwa?"

"Kwani tuna Baruti wangapi wenye mkanda?"

"Mkanda gani, bwana! Huo uliobaki ni wa kushikia suruali, na kwa tumbo lile nao unaomba msaada."

Mihayo ana mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Wanamwita Karasha, kama mashine yake, kwani ukiingia mdomoni mwake unatoka unga. Benchi zima lilicheka. Mimi niliendelea kumimina kahawa, kisha nikarudishia taulo jeupe juu ya sinia la kashata, maana vumbi la barabara hii halichagui chakula.

Mtu mmoja tu hakucheka. Januari, ambaye hapa anaitwa Mzee Kona, alikuwa amekaa mwisho wa benchi akiitazama simu aliyoiweka juu ya goti. Ndiye aliyemfundisha Baruti ngumi tangu akiwa kijana mchimbaji, na ndiye aliyekaa kwenye kona yake mpaka akatwaa ubingwa wa taifa. Baada ya hapo bingwa alimwambia kwamba mwalimu wa machimboni hafai kupigwa picha naye, akamwacha.

"Sasa sikilizeni utamu wenyewe," Redio aliendelea. "Anamtaka Mzee Kona arudi kwenye kona! Amempigia tangu asubuhi. Gari la kwenda kupima uzito linapita hapa saa hizi. Sijui Mzee ataenda au hataenda."

Simu ilianza kuita juu ya goti. Kila mtu alisoma jina kwenye kioo. Mzee Kona hakuigusa.

"Usipokee!" alisema Karasha. "Yule bwana alikuwa mwamba wenye dhahabu mpaka nje, unaiona kwa macho bila tochi. Kafanya nini nayo? Alitakiwa kupigana Ulaya, akaenda kufungua baa Katoro. Akawa mlevi wa kwanza kuingia na wa mwisho kutoka, na baa ni yake!"

"Lakini alikuwa bingwa," alisema Harish wa duka la spea, ambaye wao humwita Bolti. "Kubali basi, bhai. Ile ngumi ya kushoto nani mwingine alikuwa nayo?"

"Bolti, wewe mteja akinunua injini mpya akaifungia bandani kuku waitagie, utamsifu kwa sababu injini ilikuwa nzuri?"

"Nitamsifu akirudi kununua spea."

"Mmemsahau yule fundi cherehani aliyempiga?" Redio aliuliza. "Jamaa alitoka kushona sare za kwaya, akamlaza Baruti raundi ya pili, jioni akarudi kumalizia vifungo!"

"Gete kabisa!" Karasha alipiga paja lake. "Na pambano la mwisho? Refa anamhesabia, yeye anaamka na kumwambia refa, 'Shikamoo mama.' Mbele ya watu wote!"

"Na refa akaitika?"

"Refa mwenye ndevu! Angeitikaje?"

Wote walicheka, Bolti mpaka kahawa ikammwagikia shati. Mzee Kona alipangusa goti lake taratibu, kama yeye ndiye aliyemwagikiwa.

"Siku hiyo nilikuwa ukumbini," alisema. "Nyuma kabisa, nimesimama na watu. Alipoamka alikuwa hajui yuko wapi. Kwenye kona yake walikuwepo mabwana wanne wenye fulana za kufanana. Wote walikuwa wanamwambia aendelee."

Kicheko kilipungua.

"Na huyu wa Jumamosi ni nani?" aliuliza Bolti.

"Kijana wa Geita," Redio alijibu, safari hii kwa sauti ndogo. "Wa juzi juzi huyo. Wanasema anapiga mpaka gunia la mchanga linaomba maji."

Simu iliita tena.

"Mzee, yaya, hapana," Karasha alisema, akitikisa kidole. "Kataa. Alikutupa kama kifusi. Leo ameishiwa ndiyo anakukumbuka? Mwache apigwe, ajue alichofanya. Au wewe unaamini kweli bado ana kitu?"

"Hana," alisema Mzee Kona.

"Haa!"

"Hana kitu. Na hakufika alikotakiwa kufika. Hata nusu ya njia hakufika. Mnayosema yote ni kweli, na mengine msiyoyajua ni mabaya zaidi."

"Sasa shida iko wapi?"

"Mihayo, wewe umekaa kwenye maduara ya dhahabu. Mtu akiingia shimoni, nani anabaki juu kushika kamba?"

"Aliyemshusha."

"Wakiwa wamegombana je?"

Karasha alijikuna shingo. "Hata wakiwa wamegombana. Huondoki juu ya duara wakati mtu wako yuko chini. Ukiondoka, hakuna atakayekupa kamba tena."

"Basi," alisema Mzee Kona. "Cornel nilimshusha mimi."

 Mzee alichukua simu, akampigia.

"Ee. Nakuja. Nisubirini hapo kwenye duka la spea." Akakata. Kisha akanigeukia. "Binti, hilo taulo ni safi?"

Niliitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimelifua jana.

"Niazime. Jumapili nakurudishia."

Nilimpa. Alilikunja vizuri, akalitia kwenye mfuko wa koti, nusu ikabaki inaning'inia nje.

"Taulo la kumfutia jasho?" Redio aliuliza.

"Jasho atajifuta mwenyewe. Hili la kurusha."

Bolti alishangaa. "Urushe ulingoni? Refa si atasimamisha pambano?"

"Ndiyo kazi yake."

"Na Baruti anajua?"

"Hajui. Angejua asingenipigia."

Gari lilikuja likapiga honi mbele ya duka la spea. Mzee Kona alimaliza kahawa yake kwa funda moja, akasimama.

"Lakini Mzee," Karasha alisema, akishika mfuko wa shati lake, "utalirusha raundi ya ngapi? Maana..."

Alisita. Bolti naye aliushika mfuko wake. Redio akaangalia chini. Ndipo nilipoona kipande cha karatasi nyekundu kikichungulia kwenye mifuko yao wote watatu: tiketi za Jumamosi, viti vya mbele; kumbe kuuliza kote kule kulikuwa kujifanya.

Mzee Kona alizitazama moja moja.

"Wahini kukaa," alisema. "Atakayechelewa kuegesha pikipiki hatakuta pambano."

Akaenda kupanda gari, taulo langu likipepea mfukoni. Wao walibaki wakitazamana, na mimi nikatafuta mfuniko wa sufuria wa kufunikia kashata.