Dakika Nne za Nainokanoka

Jumatatu, 12 Mei 2025. Karatu.

Ninaandika haya kwa ajili ya kumbukumbu, nikitumaini kwamba kumbukumbu zitanitendea haki. Mimi, Hilary, Ofisa Malengo katika Kitengo cha Mipango ya Usafiri wa Nyanda, nimepewa siku saba. Mratibu wetu, Mzee Yohani, ametangaza asubuhi kwamba Jumatatu ijayo kikao cha wadau kitapima lengo namba tatu: abiria wa kijijini asisubiri gari zaidi ya saa moja. Mwaka juzi hatukulifikia. Mwaka jana hatukulifikia, ingawa nilikuwa nimelisogeza. Mzee Yohani amesema, kwa upole wa kutisha, kwamba likishindikana mara ya tatu, malengo yote yatahamia mezani kwa Marsela.

Marsela ni mtakwimu wetu. Huchonga penseli zake kwa wembe, taratibu, watu wakizungumza. Sina la kuongeza.

Kipimo kitafanyika Nainokanoka. Ipo barua ya Nailantei, muuguzi wa zahanati ya huko. Gari la abiria la kuja Karatu hupita mara moja tu kwa wiki, Jumatano. Anaomba siku ya pili, kwa kuwa uchungu wa uzazi haufuati ratiba yetu. Utaratibu uko wazi. Wastani wa kusubiri ukizidi saa moja, kijiji kinaongezewa siku. Usipozidi, hakiongezewi, na lengo linahesabiwa limefikiwa. Kwa maneno mengine, muuguzi huyo nami hatuwezi kufurahi kwa pamoja. Namtakia heri katika mambo mengine yote.

Jumanne, 13 Mei.

Nimeusoma mwongozo mara mbili. Unataka upimaji wa "siku moja ya kawaida." Hausemi siku ipi! Nimechagua Jumatano. Siku gari linapokuja, watu husubiri kidogo. Siku lisipokuja, husubiri sana. Nashangaa kwamba hakuna aliyewahi kuliona hili.

Marsela ameliona. Amesema upimaji uchukue wiki nzima, na kwamba kupima Jumatano ni sawa na kupima kina cha mto kwa kusimama ukingoni. Nimemweleza habari ya kubana matumizi ya mafuta. Akapendekeza tubadilishe na swali la fomu. Badala ya "Umesubiri gari hapa kwa muda gani?" tuulize, "Uliondoka kwako lini?" Nimemjibu kwa masikitiko kwamba fomu zimekwisha kuchapwa.

Kisha nikaenda kuzichapa.

Jumatano, 14 Mei. Nainokanoka.

Lango la hifadhi lilipofunguliwa saa kumi na mbili tulikuwa wa tatu kwenye foleni, nyuma ya magari mawili ya watalii. Ukungu ukingoni mwa kreta ulikuwa mzito kiasi kwamba dereva wetu, Benson, aliendesha kichwa kikiwa dirishani. Tulifika kituoni saa mbili na nusu. Kituo ni jiwe moja na kibao.

Hapakuwa na mtu. Niliingiwa na wasiwasi. Bila abiria hakuna wastani.

Benson, ambaye ni mzaliwa wa Arash na huijua baridi ya nyanda, alishauri tukajipashe moto bomani kwa bibi mmoja, Nashipai, mwendo mfupi kutoka kwenye jiwe. Tulikaribishwa vizuri sana. Ndani walikuwamo watu kumi na mmoja, mbali na mwenyeji. Mmoja alikuwa mjamzito, mzito kweli, amelala kwenye kitanda cha ngozi, na Nailantei muuguzi alikuwa kando yake akimsugua mgongo. Mzee mmoja alikuwa na jicho lililofungwa kitambaa. Chai ya maziwa ilizunguka mara tatu. Nashipai alinieleza, Benson akitafsiri, kwamba baadhi ya wageni wake walikuwapo tangu Jumapili. Nilivutiwa. Niliandika katika daftari langu: "Ukarimu: mkubwa." Fomu haina nafasi ya ukarimu.

Saa nne na dakika chache honi ikasikika bondeni. Watu wote kumi na mmoja waliinuka kwa pamoja, wakatoka, wakasimama kwenye jiwe. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Niliwahoji mlangoni mwa gari, mmoja baada ya mwingine: umesubiri kwa muda gani? Kila mmoja alimtazama kwanza Nashipai, aliyekuwa ametoka kuwasindikiza, kisha akajibu kwamba hakusubiri kabisa, ndiyo kwanza ametoka. Mjamzito naye alijibu hivyo, ameushika mlango kwa mikono miwili.

Benson aliniambia kwa sauti ya chini kwamba watu hawa hawawezi kunijibu hapa, labda niwaulize wakifika mbele kidogo. Nilimkumbusha kwamba kazi yake ni kutafsiri.

Nailantei alipanda wa mwisho, kumshika mgonjwa wake. Aliuliza kama hilo ndilo swali pekee. Nilimwambia ndilo pekee lililochapwa.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa haki, niliongeza muda wa kutembea kutoka bomani hadi kwenye gari.

Alhamisi, 15 Mei.

Wastani: dakika nne.

Nimerudia hesabu kwa kalamu, kisha kwa kikokotoo, kisha kwa furaha. Lengo ni dakika sitini. Tumelivuka mara kumi na tano. Sijui kama jambo la namna hii limewahi kutokea katika upangaji wa usafiri, na sitaki kuuliza.

Marsela ameomba kuziona fomu. Nimezifungia kabatini. Saa moja baadaye nikakumbuka kwamba ufunguo wa kabati hutunzwa na Marsela. Nimezihamishia nyumbani, chini ya gunia la ngano.

Mke wangu amesikiliza habari zote bila kuniingilia. Kisha akasema kwamba yeye, hapa hapa Karatu mjini, husubiri bajaji kuliko hivyo. Nikamwambia huenda Nainokanoka wametuzidi mipango. Akauliza yule mjamzito alitoka kwake lini. Nikasema swali hilo halimo kwenye fomu. Tumekula makande.

Ijumaa, 16 Mei.

Mzee Yohani amenipa mkono. Wakati wote tuliofanya kazi pamoja hajawahi kunipa mkono. Amewahi kunipa barua. Ameuliza tufanye nini na lengo ambalo limepitwa kwa mbali namna hii, maana lengo lisilosumbua si lengo. Kwa msisimko nilipendekeza tuliweke jipya: dakika tatu. Akaliandika.

Marsela alikuwa anachonga penseli. Wembe ukasimama. Aliuliza hiyo dakika moja nitaipunguza wapi. Nilisema watatembea haraka.

Jumatatu, 19 Mei.

Nitaandika kwa utulivu.

Ukumbi ulijaa. Nilianza vizuri. Nilisema, waheshimiwa wajumbe, idadi ya magari si kipimo cha barabara. Kipimo chake ni muda ambao binadamu anarudishiwa maishani mwake. Hapo walipiga makofi. Nikaonyesha grafu. Mhimili wa Nainokanoka ulikuwa mfupi kiasi kwamba ilinibidi niusogelee na kuuonyesha kwa kidole. Wakapiga tena.

Ndipo mjumbe mmoja aliposimama, akanipongeza, na kusema kwamba kama watu wale husubiri dakika nne tu, basi wana gari kupita mahitaji yao. Akapendekeza lipite mara moja kila wiki mbili, na safari nyingine wapewe wenye shida. Wengi wakaitikia kwa vichwa. Mzee Yohani akanigeukia. Grafu ilikuwa yangu. Nikasema kwamba, kwa mtazamo wa kitaalamu, pendekezo hilo lina mashiko.

Nailantei akanyoosha mkono. Kwanza aliwaeleza wajumbe kwa nini viatu vyake vina matope ya wiki iliyopita: ili awahi kikao cha leo alilazimika kuondoka Jumatano, na tangu hapo analala kwa binamu yake. Kisha akanigeukia.

"Bwana Ofisa, ulikunywa chai kwa Nashipai. Mlikuwa wangapi mle ndani?"

Nilisema kumi na mmoja, bila kujihesabu mimi na dereva.

"Na Nashipai anaishi na nani?"

Nilisema sina taarifa hiyo. Benson, aliyekuwa ameegemea mlango wa nyuma, akasema anaishi peke yake.

"Basi. Yule mama alitembea kutoka kwake Jumapili, kwa sababu aliogopa kulikosa gari la Jumatano. Siku tatu, tumbo likimuuma. Ukamwuliza mbele ya mwenyeji wake kama alikuwa anasubiri gari. Angejibu nini? Umekunywa maziwa ya mtu, umelala kwenye ngozi yake, halafu useme ulikuwa unasubiri gari? Hapo umemwambia nyumba yake ni stendi."

Mzee mmoja wa mstari wa mbele alicheka, kisha akaacha. Mjumbe wa wiki mbili alikaa. Wajumbe wakauliza yule mama yukoje. Nailantei akajibu kwamba alijifungua Alhamisi, hospitalini, wote wawili wazima, na kwamba uchungu ungeanza Alhamisi kule juu, habari ingekuwa nyingine.

Marsela akaomba ruhusa ya kuuliza jambo moja dogo: kila mmoja wa wale kumi na mmoja alifika kwa Nashipai siku gani? Nailantei alikuwa anawajua wote. Yeye mwenyewe alifika asubuhi ile ile; mzee wa jicho alifika Jumamosi. Penseli ilifanya kazi kwa muda mfupi. Wastani ulikuwa siku mbili. Kwa hisani, Marsela aliniletea kikaratasi chenye hesabu hiyo kwa kipimo changu: dakika 2,880.

Azimio: Nainokanoka waongezewe gari la Jumamosi, kuanzia wiki hii. Azimio la pili: malengo yahamie mezani kwa Marsela. Hakuna aliyepinga. Nilihesabu mikono mwenyewe.

Jumanne, 20 Mei.

Marsela amenipokea kwa adabu. Sasa mimi ni mpimaji chini yake. Amenipa penseli moja, imechongwa, na fomu mpya yenye swali lake. Amenikabidhi pia kazi ya kwanza: kitongoji kimoja kwenye vilima vya juu ya Samunge, ambako barabara haijafika na gari la abiria halijawahi kuonekana. Watu hushuka kwa miguu, wagonjwa hubebwa. Anataka wiki nzima, kila nyumba, ili kikao kijacho kione hali halisi na kupanga barabara. Nimeahidi kumletea picha kamili.

Jioni nimeikalia fomu kwa makini na kichwa kikatulia. Naona wenzangu wamelipita jambo moja kubwa. Fomu inasema ahojiwe "abiria anayelingojea gari." Kule hakuna gari, kwa hiyo hakuna anayelingojea. Kitongoji hicho kimelifikia lengo namba tatu tangu kilipoanzishwa, bila gharama yoyote kwa umma, na sioni sababu ya kukivuruga kwa barabara.

Nitapima siku moja tu. Hotuba nimekwisha kuianza: "Waheshimiwa wajumbe, ninayo furaha kuwajulisha kwamba katika nyanda zetu pako mahali ambapo hakuna mtu hata mmoja anayesubiri."