Mikono Minne ya Bahati

Jumatatu, 30 Oktoba 1972. Kingsbury, Uingereza.
Naandika Kiswahili kwa kuwa mke wangu Kokila hajui kukisoma, na mambo haya hayamhusu. Ingawa sarafu ni yake.

Sarafu ya dhahabu, ya bibi yake. Tulipofukuzwa Uganda, aliivusha uwanja wa ndege wa Entebbe ndani ya fundo la nywele huku askari wakipekua masanduku. Upande mmoja mfalme mwenye pua ndefu. Upande wa pili mwanamke ameketi, ameshika pembe iliyojaa matunda. Kila Diwali, sikukuu yetu ya taa, Kokila humwosha kwa maziwa na kumwita Lakshmi, mungu wetu wa mali.

Nimeiazima kabatini kimyakimya. Kanti wa duka la viungo anatafuta mbia, nami nikampelekea iwe mtaji wangu. Aliigeuza, akasema Lakshmi ana mikono minne, huyu anayo miwili. Mwanamke asiyejulikana hamweki kwenye madhabahu ya duka. Angekuwa Lakshmi wa kale, ningekuwa mbia papo hapo. Mjuaji!

Jumatano, 1 Novemba.
Kwa Bwana Anselm, muuza sarafu za kale. Nilitaka tu anihakikishie kwamba ni ya kale. Akainakili kwa penseli, akasema nirudi Ijumaa, atazame vitabu. Na nisiisugue. Dhahabu chafu wiki ya Diwali! Mzungu huyu hakufunzwa kwao.

Alhamisi, 2 Novemba.
Tooting, kwa Parminder, sonara. Nilimwomba aongeze mikono miwili. Akasema yeye hutengeneza bangili, si miungu. Nikambembeleza mpaka chai ikapoa. Mkono mmoja umetokea karibu na sikio, lakini hesabu imetimia. Akaisugua kwa ukwaju mpaka mfalme akang'aa. Akili ni mali!

Ijumaa, 3 Novemba.
Anselm aliitazama kwa kioo chake muda mrefu. Akasema mwanamke ni mungu wa bahati wa Warumi, na sarafu ya namna hiyo ni adimu sana. Juzi ingeninunulia duka zima. Leo ni dhahabu ya kuyeyusha. Nikauliza kama mikono ya ziada haiongezi bahati. Akanifungulia mlango.

Kanti naye aliona ule mkono wa sikioni, akacheka mpaka akakaa. Ubia amempa shemeji yake.

Jumapili, 5 Novemba. Diwali.
Niliirudisha alfajiri. Jioni Waingereza walirusha fataki zao za kila mwaka. Kokila akamimina maziwa, akachovya kidole kwenye poda nyekundu, kidole kikabaki hewani.

"Bibi aliniachia mwenye mikono miwili," alisema. "Ilitosha kunivusha Entebbe."

Akaifuta, akaifunga tena ndani ya nywele. Niliona aibu, aibu ya kweli.

Jumatatu, 6 Novemba.
Hajasema neno tangu jana. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Ni lazima nimfurahishe.

Nimewaza usiku kucha. Upande wa mfalme haujachongwa. Na ile pua! Ikivutwa kidogo tu, inakuwa mkonga, na mfalme anakuwa Ganesh kamili, mungu wetu mwenye kichwa cha tembo. Kokila huosha nywele Jumatano. Parminder hufungua saa tatu.