Probe Imefika Sori

Jamani, leo nimejianika mchana kweupe. Mwenye kucheka aanze sasa amalize, kwa sababu nikifika mwisho sitaki kusikia hata kikohozi.

Kwa wale hamjui, mimi ni katibu wa kikundi chetu cha kufuga samaki hapa Sori. Tuna vizimba sita vya ngege, wale samaki aina ya tilapia, pale kwenye ghuba ya ziwa, vinaelea kama vitanda vilivyosahauliwa na wenyewe. Ukatibu nilipewa kwa sababu niliwahi kufundisha Kiingereza shule ya msingi. (Cheti sina. Mdomo ninao.)

Wiki hii samaki wamekuwa wakifa. Ukifika asubuhi unawakuta wamelala ubavu juu ya maji, weupe, kama sahani zilizooshwa. Hivyo vizimba ndivyo karo, ndivyo unga, ndivyo kila kitu kwetu. Kwa hivyo mwenyekiti wetu, Mzee Okelo, akamwita afisa wa samaki kutoka Homa Bay atusaidie.

Leo saa moja asubuhi ujumbe wa afisa ukaingia kwenye simu ya kikundi. Kwa Kiingereza, mfupi kama amri: probe inafika saa nne, vizimba visiguswe, rekodi zote za maji ziwe tayari.

Mzee Okelo akaniletea simu akiwa ameishika kwa mikono miwili. "Katibu, hii probe ni nini?"

Mtu mwenye akili angempigia afisa amuulize. Mimi nikafungua kamusi.

Maana ya kwanza niliyoiona: uchunguzi mkali, hasa wa makosa yaliyofichwa. Nikaisoma kwa sauti, pale bandani, watu wakinywa chai. Vikombe vikasimama hewani.

"Makosa ya nani?" akauliza Min Apiyo, ambaye hutupikia chai na pia ni mwanachama.

"Bado haijasemwa," nikajibu, kwa sauti ya mtu aliyetumwa na serikali.

"Yawa!" Mzee Okelo akasema, akaenda nyumbani kuvaa koti. (Sori! Jua hili! Koti!)

Ningeacha hapo, leo ningekuwa na heshima yangu. Lakini mimi na kamusi tunajuana. Nikiingia humo ni kama mtu aliyeenda kuoga ziwani, akalala chali, akaanza kuelea bila kujua anaelekea wapi. Nikaendelea kusoma.

Kumbe neno lenyewe ni la zamani. Lilitoka kwenye Kilatini, likimaanisha kujaribu kitu uone kama ni kizuri. Baadaye matabibu wa Ulaya wakaipa jina hilo fimbo nyembamba ya chuma, ile ya kuingiza kwenye kidonda kujua kimeenda ndani kiasi gani. Halafu magazeti yakalipenda kwa sababu ni fupi, linaenea vizuri kwenye kichwa cha habari. Na siku hizi ndilo jina la vyombo vinavyotumwa angani peke yao, vikipita sayari moja baada ya nyingine, vikituma habari kwa watu ambao havitawaona tena.

Nikasahau niko wapi. Ziwa lilikuwa limetulia, halina hata kunyanzi moja. Ukungu mwepesi ulikuwa umeketi juu yake, na kile kisiwa cha mbali kilining'inia hewani bila kugusa maji. Nikawaza: neno dogo hivi, limetoka kidondani mpaka kwenye nyota. Sijui nilikaa hivyo muda gani. Chai yangu ilifanya utando.

Kisha mawazo yakarudi kwenye ile fimbo ya chuma. Hapo nikaifunga kamusi haraka.

Kwa sababu mimi nilikuwa na kidonda.

Kazi yangu, rasmi, ni kwenda kwenye vizimba kila alfajiri, kuteremsha kipimajoto kwa kamba, na kuandika joto na hali ya maji. Sasa, miezi miwili iliyopita kipimajoto kiliniponyoka kikazama. Niliogopa kusema. Tangu hapo nimekuwa nikijaza daftari nikiwa kitandani, dirisha wazi, nikilitazama ziwa na kukisia. (Lilionekana vuguvugu. Nani angebisha?)

Saa nne kamili bodaboda ikaingia. Akashuka dada mmoja, kijana, miwani, sanduku jeusi mkononi. Sisi sote tukasimama kama kwaya. Mzee Okelo jasho lilikuwa linamchuruzika ndani ya koti.

"Habari zenu?" akasema kwa furaha. "Mimi ndiye afisa wa samaki. Probe imefika."

Nikaangalia nyuma yake nione wapelelezi wengine. Hakuna. Nikasema moyoni: kumbe ni yeye mwenyewe. Na anatabasamu! Hao wanaotabasamu ndio wabaya.

"Nani ana rekodi za maji?"

Mtu wa kawaida angenyoosha mkono, akampa daftari. Mimi nilipiga hatua mbili mbele nikashika kifua.

"Madam, kabla hujaanza. Chairman hana hatia. Hawa wote hawana hatia. Kipimajoto nilikizamisha mimi. Zile rekodi nimeziandika kitandani miezi miwili. Nichunguze mimi, uwaache hawa waende nyumbani."

Yule dada akanitazama, akamtazama Mzee Okelo, akanitazama tena. "Pole, katibu," akasema polepole. "Mimi nilitaka tu kujua nitumbukize probe kizimba gani kwanza."

Akafungua sanduku. Ndani mlikuwa na kifimbo cheusi chenye waya mrefu, na kimashine kidogo cha kusoma namba. Cha kupima maji! Akakiinua tukione. "Probe ni hii."

Min Apiyo ndiye alianza. Alicheka mpaka akakaa chini. Mzee Okelo akavua koti, akalikunja vizuri, akaniuliza, "Yaani katibu, umejikamata mwenyewe, ukajishtaki, na mgeni hajapata hata kiti?"

Nikadhani hapo ndipo mwisho. Wapi! Dada alikuwa ameshafungua daftari. Akaanza kusoma kwa sauti, bila ubaya wowote, akitaka kuelewa. "Jumatatu: maji yameamka vizuri. Jumanne: maji yana mawazo." Akafungua ukurasa mwingine. "Alhamisi: joto la mtu aliyetoka kwa shuka."

Nilitamani ziwa lije linichukue pale nilipo.

Tukaenda kwenye vizimba, mimi nikiwa mbele ya mtumbwi kama mfungwa. Dada akanipa waya niteremshe mwenyewe. Kifimbo kikashuka taratibu ndani ya maji ya kijani, kikapotea, na namba za oksijeni kwenye kimashine zikaanza kushuka nazo. Juu palikuwa na hewa. Katikati, kidogo. Chini, karibu hakuna kabisa. Miaka yote hii nimelitazama ziwa dirishani nikidhani nalijua, kumbe nilikuwa naangalia paa tu. Chini ya lile paa samaki wetu walikuwa wanakosa pumzi.

"Hapa maji ni ya kina kifupi na yamesimama," dada akasema. "Chakula kinachobaki kinaoza chini. Vutieni vizimba kule penye mkondo, leo hii hii." Kisha, kwa upole ulioniuma kuliko kicheko chote: "Kama ungeandika joto la kweli, tungeona linapanda, na maji yakipata joto hupoteza oksijeni. Ningekuja mwezi uliopita."

Nilivuta kamba mchana kutwa pamoja na wengine, viganja vyote malengelenge. Kufikia saa kumi vizimba vyote sita vilikuwa kwenye mkondo, na ngege waliobaki walikuwa wameanza kurukia chakula. Mzee Okelo hakunifuta kazi. Alisema kuanzia kesho nitapima nikiwa na Min Apiyo kama shahidi. (Min Apiyo huyo huyo. Ameshaliambia soko zima.)

Jamani, msicheke, somo nimelipata: kabla hujaungama dhambi zako, hebu muulize mgeni amebeba nini.