Waraka wa Nyuzi Ishirini na Tano

Kuanzia tarehe mosi Juni, ndani ya Kituo cha Serikali cha Virusi vya Pamba, Basti Noorwala, joto ni nyuzi ishirini na tano. Hivyo ndivyo ulivyoagiza Waraka Namba Kumi na Nne, uliosainiwa na Mkurugenzi wetu, Zulqarnain Sahib. Mimi Ghulam Yasin, mbeba mafaili wake kwa miaka ishirini na miwili, ndiye niliyeubandika mlangoni. Gundi ilikauka kabla sijageuka.

Waraka ulikuwa wa lazima. Wizara ilileta mashine ya kupoza chumba cha mimea. Kwa sababu za kiutawala ilifungwa ofisini kwa Mkurugenzi, maana yeye ndiye msimamizi wa mimea. Chumba nacho kikapewa ubaridi wake kwa maandishi. Vipimajoto vinne vilivyosoma thelathini na nane viliitwa mbele ya Kamati ya Nidhamu. Kimoja kilipasuka kikihojiwa. Vitatu vilisimamishwa kazi.

Msumbufu alikuwa Daktari Shagufta Khosa. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi, na bila matokeo angefungasha. Kazi yake ilikuwa kuwapa bakteria jeni ya virusi vinavyokunja majani ya pamba, pamoja na jeni nyingine ya kung'aa, kisha kuwasukuma ndani ya jani la tumbaku. Jani huzitumikia jeni hizo siku chache, halafu huacha. Kazi ikikubali, jani hung'aa kijani chini ya taa maalumu.

Lakini bakteria wenyewe walikuwa wa kuagizwa ng'ambo. Zikipita nyuzi ishirini na tisa, wanagoma.

"Sahib, majani hayang'ai. Chumba kina joto."

"Kina ishirini na tano."

"Bakteria hawajui hilo."

"Waelimishe, binti yangu. Si wewe ndiye daktari?"

Mkulima jirani, Malik Allah Wasaya, alikuja kila Jumatatu kutukumbusha kwamba tuna wananchi.

"Daktari, pamba yangu imejikunja kama sikio la mbwa mgonjwa. Ugonjwa unakuja na jua, nyie mnausoma kwenye baridi?"

"Baridi gani, ami? Ingia humo ndani uitafute."

"Basi niangalizie na huu. Mforosadi wangu umeota nundu mzizini."

Daktari aliupokea mzizi ule kama mtu aliyeletewa posa. Nundu hiyo, alinieleza, ni kazi ya bakteria wa ukoo uleule, ila hawa wamezaliwa kwenye joto letu. Akawatoa, akawanyang'anya ugonjwa wao, akawapa jeni zake. Siku ya tatu akaniita.

"Ami Yasin, njoo uone."

Jani liling'aa kijani katika nyuzi thelathini na nane. Mimi rasmi sikuona kitu, maana sikuwa na kibali cha kuona.

Mkurugenzi alikataa kuisaini taarifa ya Daktari. "Thelathini na nane? Kituo hiki hakina nyuzi kama hizo. Umezitoa wapi?"

Wiki iliyofuata barua ikaja. Atakayegundua njia ya kufanya kazi hiyo kwenye joto la shambani atakuwa Mshauri wa Wizara. Kabla chai haijapoa, taarifa ilikuwa na saini. Ilisema: "Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, katika nyuzi thelathini na nane." Jina la Daktari lilihamishiwa kwenye shukrani, chini ya mpika chai. Mpika chai ni mimi.

Tarehe ishirini na nane Katibu wa Wizara, Begum Tehmina, akafika. Mama mfupi, asiye na haraka.

"Mgunduzi, nionyeshe."

Mkurugenzi alilishika bomba la Daktari la kusukumia bakteria, akaligeuza, akanitazama.

"Yasin, sindano yake iko wapi?"

Malik Wasaya alikuwa amesimama mlangoni. "Hata mimi mfuga ng'ombe, wa kuja Jumatatu tu, najua kuwa hilo halina sindano," akasema.

Begum alimpa Daktari bomba. Daktari akalibana upande wa chini wa jani, akasukuma taratibu, na unyevu ukatambaa kama mafuta kwenye karatasi. Katibu akamwongezea mkataba miaka mitano palepale, ameegemeza karatasi mgongoni kwangu.

Kisha akatoa karatasi mbili.

"Saini zote ni zako, Sahib?"

"Zangu, Begum."

"Hii inasema chumba hiki ni ishirini na tano. Hii, thelathini na nane. Ipi ya uongo?"

Mkurugenzi aliomba muda wa kutafakari. Begum ni mtu wa kufuata taratibu. Akampa muda, masharti yakiwa kwamba atafakari humohumo kati ya mimea mpaka apate jibu, na Daktari akaimu ofisini. Mimi nikakabidhiwa ufunguo na daftari la kuandikia jibu.

Siku ya pili, saa nane mchana, mlango uligongwa kutoka ndani.

"Yasin, fungua. Humu ndani ni tanuri."

"Nyuzi ngapi, Sahib? Niandike."

Nilingoja, kalamu mkononi. Nilimsikia akivuta pumzi kutamka, akaacha. Akavuta tena.

"Niletee maji," akasema.

Nikampelekea maji. Daftarini niliandika kwamba Mkurugenzi bado anatafakari.