Bango Limesema Mtoto, na Mtoto Ni Wangu

Ndugu Afisa Biashara, wewe unayekagua mabango ya maduka,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta una kifua chepesi, maana mimi hapa kazi yangu ni kusikiliza kifua cha mwanangu. Anakohoa hadi vikombe vinagongana kabatini. Shule sikusoma sana. Ukikuta herufi imelala, iinue tuendelee.

Namshitaki mwenye duka la mtaani kwetu, tunayemwita Miwani. Juu ya rafu ya sigara ametundika bango lenu: MTOTO HAUZIWI SIGARA. Nililisoma mwenyewe, nikashukuru kwamba kumbe wakubwa wananifikiria. Siku hiyohiyo mwanangu akauziwa pakiti nzima.

1. Miwani amevunja sheria mchana kweupe. Nilipomwuliza akacheka, eti mama, mtoto gani huyo ana ndevu, tena zina mvi! Nikamwambia ndevu hata beberu anazo. Kweli mwanangu ni fundi wa kuchomelea mageti, ana mke na watoto, lakini kwa mama mtoto hakui.

2. Akanionyesha maandishi ya pembeni, madogo kama mayai ya chawa: "aliye chini ya miaka kumi na minane". Ndugu Afisa, neno zito huandikwa kwa herufi kubwa, na kubwa pale ni MTOTO. Isitoshe, bango liko juu karibu na dari. Mwanangu alisimama chini ya hiyo miaka kama wateja wengine wote.

3. Miwani anadai hajui nani mtoto wa nani. Basi bango liongezwe: kila mteja aulizwe kama mama yake yu hai. Akisema yu hai, huyo ni mtoto, arudi nyumbani. Akisema hana mama, apewe pole, na sigara asipewe vilevile, maana yatima ni mtoto wetu sote.

4. Asiyejua kusoma awekewe picha. Ninayo ya mwanangu, aliyopigwa siku aliyoanza kusimama dede, hana nguo, ila sura ni ileile. Ibandikwe kila duka. Mkewe amekubali. Mwenyewe sijamwuliza, kwa kuwa ni mtoto.

Usinione nimechanganyikiwa. Mlio wa kikohozi hicho naujua. Baba yake alianza hivyohivyo, tukasema ni vumbi, tukamzika. Mwanangu nimemsihi, nimemlilia. Hujibu "sawa mama", kisha huyo, nyuma ya nyumba na kiberiti. Nimebakiwa na bango tu.

Nisalimie wote hapo ofisini, na mama yako kama yupo. Kama unavuta kwa kujificha, baba, ujue anajua.

Ni mimi, mama yake mtoto.

Nyongeza: Barua hii nimemsomea mama yangu mzazi, ambaye haoni vizuri ila masikio yake mazima. Kufika namba tatu akadai fimbo yake, akaenda moja kwa moja kwa Miwani kukataza nisiuziwe tena ugoro. Miwani ametii papo hapo, tena kwa furaha. Ndugu Afisa, nakuomba sana, bango lisiguswe. Mtu mzima ni mtu mzima.