Ifuteni Makala Yangu ya Panya Kabla Sijafa

Ndugu Mhariri,

Kwa miaka thelathini na mmoja nimeficha jambo, na sasa daktari amenipa wiki tatu, nne nikiacha ubishi. Makala yangu katika jarida lako, "Dawa ya Kurejesha Uzito kwa Panya Wenye Ini Bovu", ni ya uongo. Dawa ile haikumnenepesha panya hata mmoja. Walinenepa kwa mkate. Mfagizi wa maabara, tuliyemwita Bi Makombo, alikuwa akiwalisha kwa siri. Makombo yalipoonekana vizimbani yeye akahamishiwa kufagia ngazi za nje, mimi nikapandishwa cheo.

Nimewaomba mara tatu muifute. Mara tatu mmenijibu kwa adabu kwamba makala iliyonukuliwa mara 612 haifutiki, kwa kuwa wengi wamejenga juu yake. Ndugu yangu, nyumba ikiwa imejengwa juu ya mkate, anayeonya haambiwi anasumbua wapangaji. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hamsomi. Ukurasa wa nne unasema panya waliotibiwa walikuwa arobaini, na waliopona hamsini na wawili. Kumi na wawili walizaliwa katikati ya utafiti, nikawahesabu kuwa wamepona. Wanazuoni 612 wamepita hapo bila hata kujikwaa. Mjukuu wangu naye kaninukuu katika tasnifu yake. Nilipomuuliza kama ameisoma akasema, "Babu, nikianza kuwasoma ninaowanukuu, nitahitimu lini?"

2. Hata matusi mnayahesabu. Kijana mmoja aliandika kwamba makala yangu ni upuuzi mtupu. Hiyo ikawa nukuu ya 488, nanyi mkaniletea cheti cha pongezi. Nilikitundika sebuleni, lakini kwa uchungu.

3. Shemeji yangu aligundua ukweli mtupu kuhusu mawe ya figo, kila tarakimu mahali pake. Amenukuliwa mara tisa. Saba kati ya hizo ni mimi, kwa huruma. Kila akija kunijulia hali huuliza, "Shemeji, panya hawajambo?" nami hugeukia ukutani.

4. Taasisi imeshachonga jiwe la kaburi langu. Chini ya jina wameandika "Amenukuliwa mara 612", na wameacha nafasi ya tarakimu ya nne. Yaani nife, nioze, na uongo wangu uendelee kunenepa bila hata mkate!

Kwa hiyo ifuteni kabla ya Ijumaa, macho yangu yakiwa bado yanaona.

Nisalimie wahariri wenzako, mpiga chapa, na wale wapitiaji wawili walioipitisha makala ile kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana.

Wako, maadamu bado nipo,
Mzee wa Panya

Nyongeza: Mkiichapisha barua hii, wekeni chini yake jina kamili la makala, mwaka na ukurasa, kama ilivyo kawaida ya jarida, ili nayo ihesabike. Itakuwa ya 613. Fundi wa jiwe nimemwambia asubiri.

Na kuhusu Bi Makombo, hapo juu bado nimeficha. Yeye hakuwahi kufungua kizimba hata kimoja. Mkate nilikuwa nikiubeba mimi, mfukoni mwa koti langu jeupe.