Aliyeandikwa "Ini" kwenye Simu ya Mke Wangu

Jamani, leo uso wangu nimeuacha Manzese. Atakayeuokota anirudishie.

Mke wangu, Mama Neema, alikuwa anaoga, simu yake ikalia. Sikuwa napekua (nilikuwa nafuta vumbi mezani, na simu ilikuwa juu ya vumbi). Jina la mtumaji: Ini. Ujumbe: "Njoo saa kumi, mama. Leo nakukaangia mwenyewe."

Mtu mwingine angedhani bucha. Mie nimesoma Kiswahili mpaka chuo kikuu, najua mpenzi huitwa mkalia ini. Miaka ishirini na mbili ya ndoa ananiita Baba Neema tu. Hata figo sijawahi kuitwa.

Halafu wiki nzima amekuwa akirudi ananukia kahawa. Kwetu ni chai.

Saa kumi nikamfuata. Akaingia kichochoroni, akaketi kwenye benchi la wanywa kahawa. Wanaume watupu, yeye katikati, anacheka. Kwangu hajacheka hivyo tangu siku niliyodondoka kwenye ngazi.

Nikajitokeza na hotuba yangu. Kumbe Ini ni mzee wa miaka sabini na kitu, kofia kichwani, birika mkononi. Utaanzaje kumgombeza mtu wa rika la baba yako bila salamu?

"Shikamoo," nikasema, kwa hasira.

"Marahaba, mwanangu. Kahawa?"

"Sitaki kahawa. Nataka kujua, kati yako na mke wangu, nani amemkalia nani ini."

Benchi zima likanigeukia. Mama Neema akatua kikombe.

"Ini ni lako, Baba Neema. Lile daktari alilosema lina mafuta. Si alikwambia upunguze chapati, na kahawa bila sukari inaweza kulisaidia? Ukasema chungu. Nimekuja kujifunza kuikaanga na kuichemsha na tangawizi, labda utaimeza."

"Na hilo jina kwenye simu?"

"Nimemwandika kwa kazi yake. Fundi bomba nimemwandika Choo. Mbona yeye humwonei wivu?"

Jamaa mmoja akainuka taratibu. "Kumbe ndiye huyu? Jamani, mpisheni mwenye ini akae."

Nikakaa. Nikanywa vikombe viwili. Chungu kweli, ila kukataa kunataka uso, na wangu nimeshawaambia uko wapi.

Njiani nikamuuliza kwa upole, "Na mie umeniandikaje?"

Akaitia simu kwenye pochi, akavuta zipu.